Wanaosema gari ya difu ya nyuma haifai kwenye theluji, njooni tuongee

DifuNyuma (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila baridi ikikaribia naulizwa swali lilelile: "Hiyo gari yako inasukumwa na tairi za nyuma, utaipeleka wapi theluji ikianguka?" Wengine hawaulizi, wanatoa hukumu kabisa: iuze, tafuta 4WD (gari inayosukumwa na tairi zote nne), utakufa. Huu ni msimu wangu wa nne na sedan ileile, injini mbele, propela shafti katikati, difu nyuma. Nimekwama mara mbili na nimezunguka kama pia mara moja. Zote tatu kosa lilikuwa langu au la tairi. Difu haikuhusika. Leo nimeamua kumwaga kila kitu hapa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nianze na aibu yangu. Msimu wa kwanza nilijiona mjanja. Nikawaza: tairi zinazofanya kazi ni za nyuma, basi za baridi nifunge nyuma tu, mbele ziendelee za kiangazi, si meno bado yapo? Fundi alikuna kichwa lakini hakunikatalia. Asubuhi ya kwanza ya theluji gari ikang'oka pale ilipolala bila kusita, nikacheka peke yangu. Mbele kidogo kuna makutano, natakiwa kukata kulia. Nikagusa breki, nikakata usukani. Usukani ukawa mwepesi mikononi, mwepesi kama wa gari iliyonyanyuliwa kwa jeki, na gari ikaendelea mbele kana kwamba sijaugusa. Tairi zimekunja, najua zimekunja, ila gari inakwenda kule ilikokuwa inakwenda. Nilipanda ukingo wa barabara kwa mwendo wa mtu anayetembea. Rimu ikapinda. Nikakaa dakika nzima nasikiliza waipa zinavyokwenda na kurudi.

Hesabu yangu ilikuwa imesahau kitu kimoja. Tairi za nyuma zinakuondoa tu. Za mbele ndizo zinazokukatisha kona, na ukifunga breki uzito wa gari unahamia mbele, kwa hiyo kazi kubwa ya kusimama nayo ni yao. Na usifikirie kufanya kinyume chake, mbele za baridi nyuma za kiangazi. Hiyo ni mbaya kuliko ya kwangu: mbele inashika, nyuma haishiki, ukigusa breki kwenye kona mkia unakupita ukiuangalia kwa kioo cha pembeni. Tairi ni nne, za aina moja, zenye meno yanayokaribiana kimo. Hapo sina mjadala na mtu.

Sasa tairi yenyewe. Watu wengi wanadhani tofauti ni meno makubwa tu. Asubuhi ya baridi kali nenda kabonyeze tairi ya kiangazi kwa ukucha, utadhani ni soli ya plastiki. Mpira wake umetengenezwa kwa joto, baridi ikiuingia unakakamaa, na mpira uliokakamaa haushiki kitu. Ya baridi inabaki laini, ukucha unazama. Ndiyo maana wauza tairi hutaja nyuzi 7 kama pa kuanzia kubadilisha, hata kama hakuna theluji. Pili, angalia kila jino kwa karibu: limechanjwa chale nyembamba nyingi, nyingine za kupinda kama mawimbi. Tairi ikikanyaga, chale zinafunguka na kila moja inauma kwa ncha yake. Na zile nafasi kati ya meno zikijaa theluji, usiogope ukadhani tairi imeziba. Theluji hushikana na theluji yenzake, ndivyo unavyofinyanga donge mkononi. Tairi inatumia hilohilo.

Ukienda kununua tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo maana yake tairi imepimwa kwenye theluji ikafaulu. Herufi M+S (yaani matope na theluji) peke yake ni kauli ya mtengenezaji tu, hakuna aliyempima. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, M+S bila mlima haihesabiki kuwa tairi ya baridi.

Kimo cha meno: mpya huwa na kama milimita 8. Sheria ya Sweden inataka angalau 3 wakati wa baridi. Mimi zikifika 4 nazistaafisha, maana nimeona tofauti kwa macho yangu kwenye kilima kilekile, gari ileile, dereva yuleyule.

Nitaendelea na uendeshaji wenyewe. Karibuni mnipinge.

---

Kijiko

Nimeweka kiti. Tiririka mkuu, usituache njiani.

---

FoWiliDaima

Mkuu nakuheshimu, ila hapa unawapoteza watu. 4WD ni 4WD. Mimi natoka nyumbani kabla barabara haijasafishwa, nakupita wewe na tairi zako za chale ukiwa bado unachimba. Mwenye uwezo asijitese.

---

DifuNyuma

FoWiliDaima, kwenye kuondoka sina ubishi, utaniacha na sitakuona tena. Swali langu ni moja: ukifika kwenye taa nyekundu, una breki ngapi? Nne. Mimi je? Nne. Difu ya mbele haikusaidii kusimama hata kidogo.

Tuweke namba. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Lami kavu, gari inahitaji kama mita 12 kusimama tangu breki iume. Theluji iliyoshindiliwa, kama mita 40. Barafu tupu, karibu mita 100. Hapo sijahesabu mita kama 14 unazopita wakati ubongo bado unaambia mguu ukanyage. Ukishuka hadi 30 kwenye theluji hiyohiyo, 40 inakuwa 14. Mwendo ndio unaoamua, difu haina kura hapo.

Ninachoogopa kwenye 4WD ni kwamba haikupi taarifa. Yangu nikikanyaga mafuta kidogo tu kuzidi, mkia unacheza, najua: kumbe leo hapa pabaya. Yako inaondoka kama kwenye lami, unajisahau, taarifa unaipata kwenye breki. Na 4WD yenye tairi za kiangazi dhidi ya difu ya nyuma yenye tairi za baridi? Nachagua ya pili saa yoyote. 4WD yenye tairi za baridi, sawa, hiyo ni mfalme, nakuvulia kofia.

---

FoWiliDaima

Taa nyekundu umenipata. Kwenye kilima tutaonana.

---

MamaPikapu

Habari zenu. Mimi naendesha pikapu, difu nyuma, na naona mleta uzi anazungumzia sedan tu. Pikapu tupu kwenye theluji ni kitu kingine kabisa. Injini yote iko mbele, nyuma ni karai tupu. Tairi nzuri ninazo, zenye huo mlima, na bado nilikuwa naondoka kama punda aliyekataa. Dawa yangu ni mchanga. Magunia matatu ya kilo 25. Bila mzigo usimwambie mtu ataendesha.

---

DifuNyuma

Dada MamaPikapu, uko sahihi na nilikuwa nalikimbia hilo kwa sababu linahitaji maelezo.

Shida ya difu ya nyuma si kusukuma kwa nyuma. Shida ni kwamba mara nyingi uzito haukai juu ya tairi zinazosukuma. Ndiyo maana Volkswagen Beetle ya zamani na Porsche 911, injini zikiwa nyuma, hung'oka kwenye theluji vizuri ingawa nazo ni difu ya nyuma. Gari za difu ya mbele nazo zinaondoka vizuri kwa sababu hiyohiyo, injini imekalia tairi zinazovuta. Sedan yangu imegawana karibu nusu kwa nusu, kwa hiyo mchanga kwangu si lazima, nikiwa na tangi limejaa inatosha. Pikapu tupu ndiyo imeonewa kuliko zote.

Ila magunia yakae wapi? Juu ya ekseli ya nyuma, au mbele yake kidogo. Usiyarundike mwisho kabisa kwenye mlango wa karai. Ukiyaweka nyuma ya ekseli gari inakuwa pembea: nyuma inabonyea, mbele inanyanyuka, na tairi zinazokata kona zinapungukiwa na uzito. Utaondoka vizuri halafu utakataa kona kama nilivyokataa mimi. Na yafunge. Gunia la kilo 25 lisilofungwa, siku ukigonga kitu, linakuja mbele na mwendo wote uliokuwa nao.

Kilima nacho kina siri yake. Ukipanda, mlima wenyewe unahamishia uzito nyuma. Difu ya mbele inapungukiwa uzito pale inapouhitaji, sisi tunaongezewa. Kuna kilima kimoja nimewapita difu za mbele wawili wanasugua, nikapanda taratibu kwa gia ya pili nikijifanya siwaoni.

---

MamaPikapu

Yamefungwa, mkuu. Na mchanga wenyewe nikikwama natoboa gunia nakula nao sahani moja. Namwaga mbele ya tairi, naondoka.

---

MgeniWaBaridi

Wakuu shikamooni kwa mnaostahili. Mimi sijawahi kuendesha kwenye theluji hata siku moja, nimezoea matope tu. Nimepata gari ya difu ya nyuma, ya manual, tairi za baridi nne tayari, alama ya mlima nimeiona. Nasoma hapa naogopa. Naomba kuelekezwa kama mtoto: naanzaje kuondoka, nakata kona vipi, na mkia ukitoka nafanyaje?

---

DifuNyuma

Karibu mdogo wangu. Kama umezoea matope umeshapata nusu ya kazi, maana mguu wako unajua kwamba ukikanyaga kwa hasira unajichimbia kaburi. Nusu ya pili ni kwamba matope yanakubana ukaacha kwenda, theluji inakuacha uendelee kwenda.

Kabla ya kuwasha safisha theluji yote juu ya gari, pamoja na paa. Ya paani ukifunga breki inaporomoka kwenye kioo cha mbele na huoni kitu. Gonga viatu vyako pia, kiatu chenye theluji kinateleza juu ya pedali, na mguu ndio kila kitu hapa.

Kuondoka: usukani unyooke. Weka gia ya pili, siyo ya kwanza, kwa sababu ya kwanza ina nguvu nyingi kuliko tairi inavyoweza kupokea. Achia klachi pole pole mpaka usikie gari inataka kusogea, ongeza mafuta kama unavyotia chumvi. Ukisikia injini inapanda lakini gari haipandi nayo, tairi inazunguka bure. Achia. Kila mzunguko wa bure unayeyusha theluji chini ya tairi, inaganda tena kuwa barafu, na shimo lako linakuwa na sakafu ya kioo.

Kona: kazi yote ya kupunguza mwendo imalizike ukiwa bado umenyooka. Tairi ina nguvu kidogo ya kushika, ukiitumia kwenye breki huna ya kukatia kona, ukiitumia kukatia kona huna ya kusukumia. Kwa hiyo kimoja kimoja. Breki, achia. Kata kona gari ikibingirika yenyewe. Usukani ukianza kunyooka, ndipo mafuta. Gari ya difu ya mbele unaweza kuivuta kwa mafuta ndani ya kona, hii yetu ukifanya hivyo inakuonyesha barabara uliyotoka.

Mkia ukitoka: ondoa mguu kwenye mafuta, lakini usiuruke kama umeungua. Macho yaangalie unakotaka kwenda, sio nguzo unayoiogopa. Mkia ukienda kulia, usukani kulia. Mikono itafuata macho, amini. Sasa sikiliza hapa, maana wengi wanafundishwa mpaka hapo halafu wanaachwa: mkia unaporudi, unyooshe usukani nao ukiwa njiani, usisubiri ufike. Ukichelewa unavuka kwenda upande wa pili kwa nguvu zaidi. Ule mtikisiko wa kwanza watu wengi wanauokoa. Wa pili ndio unaowapeleka mtaroni. Mimi nilipozunguka kama pia, mara ya kwanza niliikamata vizuri sana, nikajipongeza moyoni, na wakati najipongeza ikanirukia upande wa pili.

Tafuta uwanja mkubwa wa kuegesha magari, mtupu, usio na nguzo, na upate ruhusa ya kuutumia. Mwendo wa 20 unatosha. Utoe mkia makusudi, uurudishe, mpaka mikono ifanye yenyewe bila kukuuliza. Usome uzi huu mara mia, hautakupa unachokipata pale kwa nusu saa.

Mengine kwa ufupi: ile mashine ya kushikilia mwendo wenyewe usiiwashe kabisa. Madaraja huganda kabla ya barabara kwa sababu baridi inayapiga juu na chini. Na usidanganywe na kipimajoto kikisoma sifuri ukaona afadhali. Barafu ya karibu na sifuri ina utando wa maji juu yake, inateleza kuliko ile ya chini ya sifuri kwa nyuzi 15. Sikio lako pia litumike: tairi kwenye theluji zinasikika, zinakanyaga kama mtu anatafuna. Zikinyamaza ghafla, umeingia kwenye barafu. Usiguse chochote kwa ghafla.

---

MzeeWaKlachi

Vijana mnaongea vizuri. Mleta uzi umeruka kitu, tena ndicho kinachowaua wenye manual. Breki ya injini.

Wote tumefundishwa: ukishuka mteremko, punguza gia, injini ikushikilie. Kwenye lami ni sawa. Kwenye gari ya difu ya nyuma juu ya barafu, breki ya injini inashika tairi za nyuma peke yake. Ni sawasawa na kuvuta hendibreki. Nilikuwa nashuka usiku, gia ya tatu, nikaona mwendo umezidi kidogo, nikaangusha ya pili na klachi nikaiachia kama nilivyozoea miaka yote. Sikugusa breki wala mafuta. Gari ikageuka ubavu kimya kimya, taa zikawa zinamulika miti. Kilichoniokoa ni mguu wa kushoto: nilikanyaga klachi yote, tairi za nyuma zikaachiwa zibingirike, zikashika. Nilisimama nimeangalia nilikotoka.

Kwa hiyo gia chagua ukiwa juu, kabla hujaanza kushuka. Ukiwa katikati ya mteremko umekosea, tumia breki ya mguu kidogo kidogo, maana hiyo inashika zote nne. Na mkia ukitoka kwa sababu ya injini, klachi kwanza, usukani pili.

---

DifuNyuma

Shikamoo mzee. Umenisahihisha, na nakubali. Mimi naendesha automatiki, klachi nilishaisahau. Kwenye automatiki kinachofanana na hicho ni kuweka N (gia huru) mkia unapotoka, ila mimi sijawahi kuwa na mkono wa tatu wa kufanya hivyo kwa wakati.

---

MzeeWaKlachi

Marahaba. Automatiki nayo ikijiangushia gia yenyewe ukiwa kwenye kona utanitafuta.

---

ChajiKamili

Naongezea hapo kwa mzee. Wenye gari za umeme za difu ya nyuma, hii inatuhusu kuliko nyinyi. Ukiachia pedali tu, mota inageuka kuwa breki ya kurudisha chaji, na mota iko nyuma. Ni hendibreki ya mzee ileile, tena haina klachi. Gari za sasa zinajitahidi kukata hiyo breki zikihisi tairi inateleza, lakini zinakata baada ya kuteleza, na ule utelezi wa kwanza unausikia kiunoni. Mimi theluji ikianguka naingia kwenye mipangilio nashusha nguvu ya breki hiyo hadi chini kabisa. Umbali wa kwenda kwa chaji moja unapungua kidogo, usingizi unaongezeka.

Uzuri wetu ni kwamba betri imelala chini ya sakafu yote, uzito upo, na mota inapima nguvu kwa unyenyekevu ambao injini haiwezi.

---

Swalihi_88

Wakuu, kile kitufe chenye picha ya gari na mistari ya kupinda nyuma yake, kwenye theluji niwashe au nizime? Jirani kaniambia nizime, gari inakuwa na nguvu.

---

DifuNyuma

Kiache kikiwa kimewashwa. Huo ndio mfumo unaofunga breki tairi mojamoja na kupunguza nguvu ya injini kabla mkia haujakupita. Ulianza kwenye magari ya kifahari ya Mercedes mwaka 1995. Marekani gari ndogo zote mpya zililazimishwa kuwa nao kuanzia modeli za 2012, na Ulaya gari zote mpya kufikia mwishoni mwa 2014. Kwa hiyo zile hadithi za wazee wetu kuhusu difu ya nyuma na theluji, nyingi ni za gari zisizo na mfumo huo, zenye tairi za kila msimu zilizoisha. Hawakusema uongo. Gari zilikuwa hivyo.

Unazima wakati mmoja tu: umekwama. Mfumo ukiona tairi inazunguka unakata nguvu, na wewe pale unahitaji izunguke kidogo ili ijitoe. Zima, toka, washa.

Na kujitoa ni hivi. Kwanza chimba, hasa mbele ya tairi za nyuma na chini ya tumbo la gari kama imekalia theluji. Nyoosha usukani. Kisha gia ya kwanza, rivasi, ya kwanza, rivasi, kila mara ukiachia mara tu tairi ikianza kuzunguka bure, gari ibembee kama kitanda cha mtoto mpaka ipate mwendo wa kupanda ukingo wa shimo lake. Ukitumia mikeka ya gari chini ya tairi za nyuma, hakikisha hakuna mtu nyuma. Mkeka unatoka pale kama risasi. Wa kwangu mmoja uliruka ukaning'inia kwenye ua.

Jambo moja ambalo si la mchezo: ukikwama na unataka kukaa ndani na injini inanguruma upate joto, toka kwanza usafishe bomba la moshi. Theluji ikiliziba, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi (kaboni monoksidi) inaingia ndani ya gari, hainuki, unalala usiamke.

---

FoWiliDaima

Hilo la bomba libandikwe juu kabisa ya uzi. Nakubali.

---

Kijiko

Swali dogo. ABS nayo? Jana pedali ilinitetemekea mguuni nikadhani gari imekufa.

---

DifuNyuma

Haijafa, inafanya kazi. Inafunga na kuachia breki haraka kuliko mguu wa binadamu yeyote ili tairi ziendelee kubingirika na usukani usikuache. Ikitetemeka usiachie, endelea kubonyeza na uelekeze gari unakotaka. Kasoro yake ni kwenye theluji laini yenye kina: tairi iliyofungwa kabisa hukusanya rundo la theluji mbele yake linalosaidia kusimama, na ABS hairuhusu rundo hilo. Kwa hiyo umbali unaweza kurefuka. Acha nafasi zaidi tu.

---

Swalihi_88

Na upepo wa tairi? Kuna wanaosema upunguze zishike zaidi.

---

MamaPikapu

Usipunguze. Baridi yenyewe inakupunguzia, joto likishuka nyuzi 10 unapoteza karibu psi 2. Pima asubuhi kabla tairi hazijapata moto, jaza zifike kile kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango. Mimi napima kila wiki mbili, kipimo nakaa nacho kwenye gari.

---

MgeniWaBaridi

Wakuu nimerudi. Theluji ilianguka usiku wa juzi, kama kiganja kusimama. Nikaomba ruhusa kwa mlinzi wa uwanja, akaniangalia, akaniruhusu, akabaki kutazama.

Mara ya kwanza nilikanyaga mafuta kwenye kona, gari ikageuka yote, nikabaki naangalia alama za tairi zangu. Ya pili vilevile. Ya tatu nikageuza usukani sawa ila nikachelewa kuurudisha, nikaonja ule mtikisiko wa pili, tumbo likabaki upande mmoja mimi nikaenda upande mwingine. Kama mara ya nane hivi, mikono ikafanya yenyewe. Mkia ulitoka kidogo, ukarudi, gari ikanyooka, na sikumbuki nilifanya nini. Nikajaribu na klachi ya mzee: nikaangusha gia makusudi, mkia ukatoka, nikakanyaga klachi, ukatulia palepale. Mzee, ubarikiwe.

Leo nimekwenda kazini nayo. Gia ya pili, mwendo wa 30, nyuma yangu foleni inanilaani. Nimefika.

Ila nina swali. Nilipokuwa nasafisha theluji kwenye tairi nimeona zina mshale ubavuni. Tatu zinaelekea mbele, ya nyuma kushoto mshale unaelekea nyuma. Ina shida?

---

DifuNyuma

Hongera sana mdogo wangu.

Ina shida. Hizo ni tairi za kwenda upande mmoja. Meno yamekatwa ili yatoe maji na theluji kando inapozunguka kuelekea mshale. Ikifungwa kinyume inaivuta katikati. Na iko nyuma, ndiyo inayosukuma. Rudi kwa aliyekufungia, aivue kwenye rimu aigeuze, ni kazi ya dakika chache. Ukiwa huko soma na zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Mfano 3219 imetengenezwa wiki ya 32 ya 2019. Zote nne zisome, usije ukawa na babu mmoja kati ya vijana watatu.

---

MgeniWaBaridi

Imegeuzwa. Zote ni za 4121. Fundi alikuna kichwa.

---

DifuNyuma

Wanafundishwa chuo kimoja hao.